Baraza Lisilokaa: Nidhamu ya Kambi ya Brownsea Ilivyofumwa

Agosti 1907, katika kisiwa cha Brownsea kilichomo ndani ya bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza, Robert Baden-Powell, afisa wa jeshi la Uingereza na mwanzilishi wa skauti, aliunda baraza la kuwahukumu wavulana ambao wangevunja nidhamu ya kambi yake. Baraza hilo halikukaa hata siku moja. Wiki ilipita, mahema yakakunjwa, wavulana wakarudi kwao, na hakuna aliyeitwa kujitetea. Habari hiyo aliiandika mwenyewe mwaka uliofuata katika kitabu chake Scouting for Boys. Ni kweli kwamba mtu akiisifu kambi yake mwenyewe tunampunguzia kidogo. Hata hivyo, maelezo aliyoyatoa kuhusu jinsi alivyoipanga kambi hiyo yanatosha kutuonyesha kwa nini haikuwa na kesi, na hilo ndilo ninalotaka kulichambua, kwa sababu kambi zetu za wanafunzi, za skauti na za klabu za shule, zina kesi nyingi mno.

Tuanze na ugumu wa kazi yenyewe. Wavulana walikuwa wapatao 20. Nusu yao hivi walikuwa watoto wa matajiri, wanaosoma katika shule za bweni za karo kubwa. Waliobaki walikuwa vijana wa miji ya Poole na Bournemouth, wengi watoto wa wafanyakazi, waliopatikana kupitia chama cha Boys' Brigade. Wa kwanza walilipa pauni 1, wa pili shilingi 3 na pensi 6. Katika Uingereza ya wakati ule makundi haya mawili hayakula meza moja, wala hayakutamka maneno kwa lafudhi moja. Mwalimu yeyote aliyewahi kuchanganya shule mbili katika kambi moja anajua kinachofuata: jioni ya kwanza kila upande unakaa kwake, jioni ya pili majina ya kejeli yanaanza, ya tatu kuna mtu ameibiwa viatu.

Baden-Powell hakuwaacha wakae kwa pande. Aliwagawa watano watano, akawachanganya, kila kundi akaliita doria na kulipa jina la mnyama au ndege: Mbwa Mwitu, Fahali, Sululu na Kunguru. Kila doria ilikuwa na hema lake na rangi yake, fundo la utepe begani: buluu kwa Mbwa Mwitu, kijani kwa Fahali, manjano kwa Sululu, nyekundu kwa Kunguru. Mkubwa katika kila doria ndiye aliyekuwa kiongozi, naye ndiye aliyewajibika kwa mwenendo wa wenzake.

Namba hiyo ya watano si jambo dogo, na ndiyo inayopuuzwa zaidi ninapotazama kambi zetu. Katika kundi la 40 mkosaji anapotea. Maji hayakutekwa, kila mmoja anadhani ni zamu ya mwingine, na mwalimu anaishia kuwaadhibu wote kwa kosa la wachache. Katika kundi la watano hakuna pa kujificha. Kuni zikikosekana inajulikana nani hakwenda, na anayejua si mwalimu bali ni wale wanne ambao chakula chao kimechelewa. Aibu ya mbele ya wenzako wanne mnaolala hema moja inafanya kazi ambayo filimbi ya mwalimu haiwezi kuifanya.

Jambo la pili ni cheo cha kiongozi wa doria. Sisi tumezoea kiranja. Kiranja huandika majina ya wapiga kelele na kuyapeleka kwa mwalimu. Nguvu yake inatoka juu, na wenzake wanamwogopa au wanamchukia kwa kadiri hiyo. Kiongozi wa doria pale Brownsea alikula na wenzake na kulala nao, na doria ikifanya vibaya aliyeulizwa ni yeye. Hakuwa na sababu ya kuwashtaki watu wake, kwa kuwa kuwashtaki kulikuwa ni kujishtaki. Alilazimika kuwatengeneza. Tofauti hii inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kambini ndiyo inayoamua kama vijana watamficha mwenzao aliyetoroka au watamfuata gizani wamrudishe kabla hajaumia.

Kasoro ipo pia, na haifai kuipita kimya: viongozi wa doria zote nne walitoka upande wa shule za kifahari. Mtoto wa Poole alichanganywa, ila hakupewa uongozi. Mratibu wa leo anayechanganya shule ya mjini na ya kijijini, au wenye uwezo na wasio nacho, aziangalie kwanza nafasi za uongozi kabla ya kujisifu kwamba amechanganya.

Kisha kuna lugha. Sheria ya Skauti iliyochapishwa mwaka 1908 ilikuwa na vifungu 9. Cha 10, kinachohusu usafi wa fikra, maneno na matendo, kiliongezwa mwaka 1911. Karibu vyote vimeandikwa kwa namna ya kueleza skauti ni mtu gani: anaaminika, ni ndugu wa kila skauti mwenzake, ni rafiki wa wanyama. Sasa chukua karatasi ya kanuni inayosomwa siku ya kwanza katika kambi zetu nyingi. Ni marufuku hiki, hairuhusiwi kile, atakayekutwa na hiki atarudishwa nyumbani. Makatazo yana mahali pake, na nitayarudia mbele, lakini orodha ya makatazo ina udhaifu wa kiufundi: inahesabika. Kijana mwerevu huisoma akitafuta kisichotajwa. Simu imekatazwa, basi redio ndogo je? Sentensi inayosema wewe ni mtu wa kuaminika haina mwanya wa namna hiyo. Baden-Powell aliwaachia wavulana heshima yao iwe dhamana, akawategemea.

Ratiba ilibeba yaliyobaki. Saa 12 asubuhi waliamshwa kwa mlio wa pembe ya tandala, nyara aliyoipata katika vita dhidi ya Wandebele mwaka 1896, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Katika vita hivyohivyo aliamuru chifu Uwini apigwe risasi, na msomaji wa Afrika ana haki ya kulikumbuka hilo kila anaposikia habari za pembe ile. Baada ya kuamka kulikuwa na kuanika matandiko, viungo, usafi wa kambi, sala na kifungua kinywa. Mchana baada ya kula kulikuwa na mapumziko ya zaidi ya saa moja, kila mtu amelala kimya, bila kutembea wala kuzungumza. Walimu wengi wa kwetu hukiona kipindi hicho kuwa ni kupoteza muda, wanakijaza mhadhara. Mimi naona ni miongoni mwa sababu za kambi ile kutulia. Ugomvi wa kambini huzaliwa na uchovu, na mtoto ambaye hajapumzika mchana hugombana saa 11 jioni kwa sababu ya kijiko.

Ila ufundi mkubwa kuliko wote ulikuwa usiku. Kila aliyewahi kulala kambini akiwa mwanafunzi anajua kwamba mambo huharibika kati ya taa kuzimwa na saa 6 usiku. Ndipo wanapotoroka, ndipo wanapowavamia wadogo, ndipo pombe inapoingia. Njia yetu ni kuongeza doria za walimu wenye tochi. Brownsea waliugeuza usiku kuwa kazi. Kila usiku doria moja ilishika zamu ya lindo: ilichukua unga, viazi, nyama na chai, kila mvulana na koti lake, mablanketi, sufuria na kiberiti, ikaenda mahali ilipoelekezwa, ikawasha moto, ikapika, ikaweka walinzi. Baden-Powell mwenyewe pamoja na viongozi wa doria nyingine waliwanyemelea gizani kabla ya saa 5 usiku, wakijaribu kuwafikia bila kuonekana. Baada ya hapo walinzi waliondolewa, na wote wakalala. Hamu ileile ya kutembea gizani, inayomfanya kijana aruke ua, ilipewa njia halali, kazi na mwisho wake.

Wazee wetu hawangeshangazwa na mpangilio huu. Katika jando la pwani na la bara, wari hukaa kambini pamoja kwa marika, wanafundishwa na makungwi, na adabu hufundishwa kwa kuishi pamoja na kutegemeana. Baden-Powell alijua kwamba mafunzo ya namna hii yapo Afrika, na katika kitabu chake alisimulia jinsi vijana wa Kizulu walivyopimwa kwa kuachwa wajitegemee porini. Alikaa miaka yake ya mwisho Nyeri, akafia huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake linalotazama Mlima Kenya linazuriwa na maskauti wa nchi nyingi. Mwalimu wa Nyeri au wa Tanga anayeongoza kambi kwa makundi madogo yenye kuwajibika hajaazima kitu cha Wazungu. Amerudi kwenye jambo ambalo bibi yake angelitambua.

Lakini doria, heshima na ratiba havifui dafu kama uwanja wenyewe haufai. Mwezi Agosti 2023 Jamborii ya Dunia, mkutano wa maskauti wa nchi nyingi, ilifanyika Saemangeum, Korea Kusini, ikiwa na washiriki wapatao 43,000, kwenye ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini, tambarare, isiyo na miti ya kivuli. Joto likawa kali, vyoo na usafi vikalalamikiwa, na msafara wa Uingereza wa watu wapatao 4,500 ukaondoka kabla ya wakati, Wamarekani nao wakafuata. Tarehe 8 kambi nzima ilihamishwa kwa sababu ya kimbunga kilichokuwa kinakuja. Kabla ya kuandika kanuni ya adabu, hesabu mashimo ya choo, pima umbali wa maji, tazama kivuli kiko wapi saa 8 mchana. Msichana anayelazimika kutembea mita 200 gizani kwenda chooni hajawekewa kiwango chochote cha usalama, hata kama kanuni zimebandikwa kwenye kila mti.

Nimeisifu Brownsea vya kutosha. Sasa niseme pale mfumo wake ulipokuwa na tundu, kwa sababu tundu hilo limewaumiza watoto.

Kila kitu nilichokieleza kinasimamia mwenendo wa kijana kwa kijana. Mtu mzima amewekwa nje ya hesabu. Kiongozi wa doria anawajibika kwa wenzake, wenzake wanawajibika kwake, na juu yao wote kuna mkubwa ambaye uadilifu wake umechukuliwa kuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mafunzo ya viongozi yalianza Gilwell Park, karibu na London, Septemba 1919, lakini kumfundisha mtu si kumchunga. Chama cha Skauti cha Marekani kiliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi Februari 2020, kikikabiliwa na madai ya unyanyasaji wa kingono wa watoto. Waliojitokeza kudai walizidi 82,000. Fidia iliyokubaliwa ilikuwa ya dola bilioni 2.46, na mpango huo ulianza kutekelezwa Aprili 2023. Wengi wa waliodai walikuwa wazee waliokaa na siri hiyo kwa miongo mingi.

Hapa ndipo makatazo niliyoyaweka kando yanapohitajika, na yanamhusu mtu mzima kabla ya mwanafunzi. Mtu mzima hakai na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Siku zote wanakuwa watu wazima wawili au zaidi. Hema la mwalimu si hema la wanafunzi. Muda wa kuoga wa watu wazima na wa watoto unatenganishwa. Kambi yenye wasichana ina walimu wa kike wanaolala hapohapo. Kiongozi hamtumii mwanafunzi ujumbe wa siri kwenye simu. Haya hayaachwi kwa heshima ya mtu. Mwalimu mwema hapungukiwi na chochote akiyafuata, na mwalimu mwovu anakosa nafasi. Nikiambiwa kwamba sheria hizi zinawavunjia heshima walimu, jibu langu ni kwamba zaidi ya watu 82,000 waliwekwa chini ya walezi walioheshimiwa.

Hata hivyo, katazo bila njia ya kulalamika halimsaidii mtoto. Baraza la Brownsea lilikuwa la kuwahukumu wavulana. Hapakuwa na lolote la kumsikiliza mvulana aliyeonewa na mkubwa. Kambini mtoto yuko mbali na mama yake, mlango wa kulalamika ni uleule wa mwalimu wake, na akikosea mlango amekwisha. Kwa hiyo njia ya kulalamika lazima itoke nje ya kambi.

Njia hiyo ipo tayari. Nchini Kenya na Tanzania, simu ya kuwasaidia watoto ni namba 116, na kuipiga ni bure. Mwalimu unayepanga kambi likizo hii, iandike kwa herufi kubwa kwenye ubao ulio karibu na jiko, mahali ambapo kila mtoto hupita mara tatu kwa siku, na uwaoneshe simu ambayo mtoto anaweza kuitumia bila kuomba ruhusa kwako.