Kumbukumbu Zisizo na Katibu

Ni watu wachache wanaosoma kumbukumbu za vikao kwa hiari yao. Wengi wetu huzisaini tu. Mimi nimezisoma kwa miezi mitatu, zote zikiwa zimeandikwa na mashine, na kabla sijazilaumu ningependa tuzipe heshima tunayoyapa maandishi mengine: tuzisome polepole, kama hadithi fupi, tukiuliza nani anasimulia na nani amefichwa.

Nasoma shahada ya umahiri ya fasihi, Dar es Salaam. Wanafunzi wanne wa kompyuta walikuwa wakitengeneza chatiboti ya kazi: unailisha mazungumzo ya wiki nzima ya grupu la WhatsApp la timu yako, nayo inakurudishia waraka uliopangwa. Ajenda, maamuzi, nani anafanya nini, mwisho lini. Walitaka mtu wa lugha awaambie kama Kiswahili chake kinasomeka. Nikapewa nyaraka, na pembeni yake mazungumzo yaliyozizaa, yakiwa yameondolewa majina na kubakizwa vyeo tu: kiongozi, mhasibu, dereva, mkusanya data wa kwanza, wa pili, wa tatu. Timu yenyewe ilikuwa ya mradi mdogo wa utafiti vijijini, na ilikuwa imeridhia kusomwa.

Kiswahili kinasomeka. Nilitarajia lugha ya kutafsiriwa, ngeli zikigongana, nikakuta sentensi ambazo katibu yeyote wa kamati ya shule angezionea wivu. "Kikao kilijadili kwa kina suala la usafiri." "Iliazimiwa kwamba." "Wajumbe walihimizwa kuzingatia muda." Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaijua sauti hii. Kiambishi kimoja kidogo, -w-, kinatosha kumtoa mtenda nje ya sentensi: iliazimiwa na nani? Walihimizwa na nani? Na hilo suala la usafiri "lililojadiliwa kwa kina" lilikuwa na jumbe nne, moja ikiwa picha ya tairi lililopasuka.

Tusiisingizie mashine, lakini. Sauti hii imeikuta. Mwaka 1876 mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, alichapisha kitabu cha kanuni za vikao ambacho vyama na mabaraza ya huko yanakitumia hadi leo, na moja ya kanuni zake ni kwamba kumbukumbu ziandike kilichofanyika, si kilichosemwa. Hapa kwetu Bunge lina Hansard, Taarifa Rasmi, inayobeba maneno ya wabunge wenyewe pamoja na kelele na makofi yao. Kikao cha kawaida hakina anasa hiyo. Kinasahau maneno makusudi na kubaki na uamuzi, na sioni ubaya. Kama kila kikao cha ukoo kingeandikwa neno kwa neno, nani angerudi kwenye kikao cha pili?

Ila utanzu huu umeruhusiwa kusahau kwa sharti. Angalieni mpangilio tuliofundishwa shuleni: waliohudhuria, waliotoa udhuru, kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, mengineyo, kufunga. Hicho kipengele cha kuthibitisha tulikuwa tunakiruka kwenye mtihani kwa sentensi moja. Kumbe ndicho kinachobeba nyumba nzima. Hapo ndipo mama mmoja wa nyuma hunyoosha mkono na kusema: Mwenyekiti, ukurasa wa pili, mimi sikusema hivyo. Halafu linakuja "yatokanayo", neno ninalolipenda kuliko mengi katika lugha ya ofisi, kwa sababu linakiri kwamba kikao cha jana hakijaisha, kinaendelea kuzaa. Katibu anaweza kukosea au hata kudanganya, lakini ameketi pale pale, ana jina, na karatasi yake itarudi mbele ya waliosema.

Sasa twende kwenye waraka ulioninyima usingizi. Jumatano moja kiongozi aliandika: "Kwa hiyo posho za vijana bado hazijaingia?" Mhasibu akajibu: "Ndiyo kaka." Baada ya hapo akatuma ujumbe wa sauti. Ijumaa waraka ukasema: "Posho za wakusanya data: zimeingia. Imethibitishwa na mhasibu."

Msomaji wa Kiswahili haelezwi hili, lakini niruhusuni nilieleze, maana lugha yenyewe inastahili. Ukiniuliza "hujala?" nami nikasema "ndiyo", nina njaa. Ndiyo yetu huikubali kauli ya muulizaji jinsi ilivyo, pamoja na ukanusho wake: ndivyo, umesema kweli, hazijaingia. Mwingereza angekataa: hapana, hazijaingia. Na Kiingereza ndicho kilichojaza sehemu kubwa ya maandishi yaliyofunza modeli hizi. Ule ujumbe wa sauti, ambao nadhani ndimo maelezo yote yalimokuwa, haukufika kabisa. Ukihamisha mazungumzo ya WhatsApp bila picha na sauti, mahali pake hubaki mstari mmoja wa kukujulisha kwamba palikuwa na kitu.

Waraka ulipandishwa kwa msimamizi wa mradi. Vijana watatu waliokuwa vijijini waliendelea kukopa nauli, na walipouliza wakatumiwa picha ya waraka: mbona hapa inaonyesha mmeshalipwa? Mhasibu akaandikiwa barua ya kujieleza. Haya yote nimeyafuata kwenye mazungumzo ya wiki zilizofuata, ambamo salamu zinazidi kuwa fupi. Posho ziliingia siku 12 baadaye. Kinachonishangaza ni kwamba katika siku hizo zote hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba waraka umekosea. Waliuliza kwa nini mhasibu alisema uongo. Karatasi yenye vichwa vya habari vilivyokolezwa wino ilikuwa imeshamshinda mtu waliyefanya naye kazi mwaka mzima.

Wahandisi, ambao ni watu waungwana na wasikivu, waliniambia kosa la namna hii linarekebishika. Ni kweli. Waliongeza mifano ya maswali ya kukanusha, kama walivyokuwa wameirekebisha saa (mwanzoni "tukutane saa nne" ilikuwa inaandikwa 04:00, na ningelipa kiingilio kumwona dereva akifika ofisini alfajiri hiyo). Jambo lisilorekebishika kwa mifano ni fomu. Nyuma ya kila waraka kuna fomu ambayo modeli imeamriwa kuijaza: hoja, uamuzi, mhusika, tarehe ya mwisho. Katika toleo la kwanza hakuna chumba kilichoruhusiwa kubaki kitupu. Ukimwamuru mtu alete uamuzi kutoka kwenye kila mazungumzo, atauleta, hata pale ambapo watu walikuwa wanazungukana kwa adabu.

Na sisi tunajua kuzungukana. Kiongozi aliuliza nani atanukuu mahojiano wakati wa Pasaka. Aliuliza saa tisa na dakika chache alasiri. Hakuna aliyejibu hadi karibu saa nne usiku, mkusanya data wa pili alipoandika: "Sawaaa." Dereva akaweka kidole gumba. Waraka: "Imekubaliwa kwa kauli moja kwamba mkusanya data wa pili atanukuu mahojiano yote. Mwisho: Jumatatu ya Pasaka."

Darasani kwetu hizo a tatu zingechukua kipindi kizima. Sawa inaweza kuwa nimekubali. Inaweza kuwa nimesikia, au nimechoka kusubiri mwingine ajitokeze, au basi, yaishe. Sawa yenye mkia mrefu, inayokuja saa saba baada ya swali, mimi naisoma kama mlango unaofungwa taratibu ili usigonge. Unaweza kuniambia nami natunga. Labda. Lakini ningelazimika kuutetea usomaji wangu mbele ya aliyeiandika, naye angeweza kucheka na kusema hapana, nilikuwa tu nimelala.

Kwenye sauti mambo ni mabaya zaidi. Mwaka 2024 Allison Koenecke na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Whisper, programu ya OpenAI inayogeuza sauti kuwa maandishi. Katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyovipima, programu ilikuwa imetunga virai au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema. Walioathirika zaidi walikuwa watu wenye afasia, hali inayomfanya mtu ahangaike kulipata neno, na sauti zenye vituo virefu ndizo zilizotungiwa zaidi. Hizo zilikuwa za Kiingereza. Nafikiria vikao vya kwetu, ambamo mzee akikaa kimya baada ya hoja, kila mtu chumbani anajua kwamba amejibu.

Mmoja wa wahandisi aliweka kwenye slaidi zake ile picha ambayo Nyerere alipenda kuiandika, ya wazee waliokaa chini ya mti wakizungumza hadi wakubaliane. Alitaka kusema chatiboti yake ni mti wa kisasa. Picha ni nzuri, ila huwa inaniachia swali: aliyenyamaza kwanza pale chini ya mti alinyamaza kwa kuridhika, au giza lilikuwa linaingia na ana ng'ombe wa kukamua? Walau wenzake walimwona akinyanyuka na kuondoka.

Hoja yao moja sikuweza kuijibu, na bado siwezi. Dada pekee katika timu yao aliniambia kwamba tangu sekondari hajawahi kuingia kwenye kikundi asipewe ukatibu. "Mwandiko wako mzuri," wanamwambia, na wakati wengine wanabishana yeye ameinamia daftari. Ameshaandika maamuzi ambayo hakupata nafasi ya kuyapinga kwa sababu alikuwa anayaandika. Kwake mashine hii ni kupumzika, ni kuinua kichwa na kusema. Ninaposifu katibu mwenye jina, najua mara nyingi jina hilo ni la nani.

Toleo jipya linaruhusu chumba kiandikwe "haijaamuliwa", na kila uamuzi unaonyesha ujumbe uliotokana nao, ukiubonyeza unauona. Nililisifia. Waraka wa kwanza wa toleo hilo, karibu nusu yake ilikuwa "haijaamuliwa", na kiongozi akauliza kama programu imeharibika. Huwezi kumpelekea mfadhili kitu kama hiki, aliandika. Nilitaka kumjibu kwamba hiyo ndiyo nakala sahihi ya kwanza kuwahi kutolewa kuhusu timu yake. Wakaongeza pia uthibitisho: waraka unarudishwa grupuni, na asiyepinga ndani ya saa 24 anahesabiwa amekubali. Yaani kimya sasa ni saini. Niliandika maoni marefu kuhusu hilo. Wamesema watalijadili kwa kina.

Mhasibu sijawahi kukutana naye. Baada ya kuwasilisha barua yake ya kujieleza aliandika grupuni, na safari hii hakutuma sauti. Aliandika aya tatu, na tarehe zake: siku aliyoulizwa, alivyojibu, "ndiyo" yake ilikuwa inajibu swali lipi, benki walimwambia nini, na kwamba kuna vijana watatu waliokopa nauli kwa wenyeji wao huku karatasi ikisema wamelipwa. Hakumtaja mtu kwa ubaya. Alimalizia kwa kuomba maneno yake yaingizwe kwenye kumbukumbu kama alivyoyaandika. Katika miezi ile mitatu sikusoma kitu kilichoandikwa vizuri kuliko hicho.

Ijumaa waraka ulitoka. Chini ya Yatokanayo palikuwa na mstari mmoja: "Mhasibu alitoa ufafanuzi kuhusu posho."