Albert Kudjabo: walichukua wimbo, wakaacha mtu

Wandugu, sisi wa kilimo tunapenda kumtaja Paul Panda Farnana. Ni haki: alipata diploma yake ya kilimo Ubelgiji mwaka 1907. Vita ya 1914 ilipoanza alijiunga na Wakongomani waliojitolea kupigania Ubelgiji, na Wajerumani wakamkamata kule Namur. Lakini Namur ile ile alikamatwa pia Albert Kudjabo, mtoto wa Kilo, huko Ituri, si mbali na sisi. Yeye hakuwa na diploma. Njo maana hatumtaji.

Kumbe ni yeye aliyetuachia sauti. Wakati wa vita, tume ya Berlin ilizunguka kambi za wafungwa Ujerumani, pamoja na Wilhelm Doegen na mashine yake, kurekodi lugha. Walikusanya karibu 250. Mbele ya mashine Kudjabo aliimba, akapiga ngoma, akapiga mluzi. Rekodi ziko Chuo Kikuu cha Humboldt mpaka leo.

Siwezi kuidharau kazi ile. Bila wao, askari huyu angepotea kabisa, hata sauti. Lakini angalieni fomu waliyojaza kwa kila mfungwa: umezaliwa wapi, wazazi wanatoka wapi, dini gani, unapiga chombo gani, sauti yako iko namna gani. Wenzangu wa agronomia wanaijua fomu ya namna hii. Njo tunajaza tukichota sampuli ya udongo: rangi, kina, mahali. Udongo hauulizwi kama umechoka. Kudjabo alikuwa ametoka vitani, amefungwa miaka, na fomu haina mstari wa vita.

Mutu ataniambia: sayansi ya lugha inahitaji vile. Sawa. Lakini Mhindi mmoja, Mall Singh, alipopewa mashine ile alisema wazi anataka kurudi kwao. Mfungwa alijua kuipitia sayansi ya watu ili afikishe lake. Basi na ngoma ya Kudjabo tusiisikilize kama muziki tu. Kwetu kuna ngoma zinazosema maneno, zinaita mtu kwa jina. Kazi ya kwanza ni kupeleka rekodi ile kwa wazee wa Ituri na kuwauliza inasema nini. Kumwandikia kitabu kingine cha sifa kutakuja nyuma.

Baada ya vita alibaki Ubelgiji. Mtu wa Kilo, kwenye dhahabu, akaenda kuchimba makaa ya mawe. Alikufa 1934, hajafika hata miaka 40.

Na hapa Goma, wangapi kati yetu wanaishi kwa anketi? Tunaingia kwenye kambi za waliokimbia vita na tableti mkononi: watu wangapi kwa nyumba, choo kiko ao hakiko, asante mama, anayefuata. Mama bado amefungua kinywa, alikuwa anataka kuongeza neno, na sisi tumeshabonyeza «tuma».