Kosa Moja, Hukumu Mbili

Mbio za motokaa hupendwa kwa ushujaa wake, lakini huheshimiwa kwa sheria zake. Watu wengi, waonapo dereva akimsukuma mwenziwe nje ya njia, humlaumu dereva peke yake. Mimi naona, msomaji, kwamba sehemu kubwa ya lawama ni ya mwamuzi aadhibuye leo na kusamehe kesho.

Tazama mbio za Formula One. Mwaka 1990, huko Suzuka, Japani, Ayrton Senna aligongana na Alain Prost katika kona ya kwanza. Wote wawili walitoka mbioni, na Senna, aliyekuwa mbele kwa pointi, akawa bingwa wa dunia. Hakuadhibiwa, na mwaka uliofuata alikiri kwamba alikusudia. Mwaka 1994, huko Adelaide, Australia, Michael Schumacher aligongana na Damon Hill, akapata ubingwa kwa pointi moja. Waamuzi hawakuchukua hatua. Mwaka 1997, huko Jerez, Hispania, alimgonga Jacques Villeneuve. Safari hii aliyegongwa alisalimika akawa bingwa, na Schumacher akafutwa katika msimamo wa mwaka mzima, ingawa ushindi wake wa mbio moja moja aliachiwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye: makosa yaliyopita bila adhabu yalikuwa yamekwisha kufundisha somo baya.

Watetezi husema kwamba sheria ikikazwa sana mbio zitapoa. Hoja hiyo hujibiwa na historia ya kwetu. Katika Safari Rally ya mwaka 1973, Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kwa alama. Ugomvi ungeweza kuzuka. Lakini kanuni ilikuwako, kwamba atangulie yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya adhabu. Mehta akapewa ushindi. Mizani iliwekwa kabla ya kupima, na mbio hizo hazikupoa: Mehta mwenyewe alishinda tena mara nne mfululizo, tangu mwaka 1979 hata 1982.

Wewe ukaaye Diani au Msambweni huenda ukasema kwamba mambo haya ni ya mbali. Simama basi kando ya barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, uangalie matatu zikipitana. Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika nchini, zenye mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, nidhamu ilionekana mara moja. Mkono wa sheria ulipolegea, vurugu zikarudi. Madereva walijua kuendesha vyema. Walichojua pia ni siku gani hakuna wa kuwauliza.

Kwa hiyo, utazamapo mbio, usiulize tu nani ameshinda. Uliza kama kosa la bingwa limepimwa kwa kipimo kile kile cha kosa la aliye mkiani. Na siku utakapopewa filimbi katika uwanja wa shule, ukamwona rafiki yako akicheza vibaya, ipulize.