Karata Mbili za Siri

Kwetu mtaani ukitaja poka, watu wanafikiria ule mchezo wa kumaliza karata: unamruka mtu kwa J, unamuuliza swali kwa Q au 8, ukikaribia kumaliza unatangaza, "Niko kadi!" Poka anayojifunza Maria Konnikova katika The Biggest Bluff (2020) ni mchezo mwingine kabisa.

Unaitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata mbili, anazificha. Kisha karata tano zinafunuliwa mezani: tatu kwanza, halafu moja, halafu ya mwisho. Hizo tano ni za wote. Kila hatua unaweza kuweka pesa au kujitoa. Mshindi ni mwenye mpangilio bora wa karata tano kati ya zile saba, ama yule aliyewatisha wenzake wote wakajitoa.

Konnikova ni mwanasaikolojia. Alipoanza hakujua hata pakiti ina karata ngapi. Akamwendea Erik Seidel, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mchezo huu, amfundishe. Januari 2018 akashinda shindano kule Bahamas na kubeba zaidi ya dola 84,000.

Hadithi tamu, lakini ushindi si sehemu iliyonikamata. Kilichonikamata ni jinsi Seidel anavyokataa kusikiliza malalamiko ya bahati mbaya. Hataki kujua karata ya mwisho ilikuumiza vipi. Anataka kujua uliwaza nini kabla haijafunuliwa. Chukua mfano huu: una A mbili, mwenzako ana K mbili, nyote mnaweka kila kitu. Utashinda takriban mara 80 kwa 100. Maana yake mara 20 utafanya uamuzi sahihi na bado uende nyumbani mikono mitupu. Sasa linganisha na Jumatatu zetu baada ya mkeka kuchanika: "Ni timu moja tu imeniangusha!" Hakuna anayeuliza kama mkeka wenyewe ulikuwa na akili.

Hapo kitabu ni moto. Kinaponipoteza ni kwenye bei ya darasa. Kiti kimoja katika shindano kuu la dunia, kule Las Vegas, ni dola 10,000. Konnikova anazungumzia bahati ya maisha, ndiyo, lakini anapita haraka kuelekea hoteli inayofuata. Mimi ningependa akae hapo kidogo. Ile 80 kwa 100 inakulipa ukicheza mara nyingi. Mwenye pesa ya kodi pekee mfukoni anacheza mara moja. Zile 20 zikimwangukia leo, mwenye nyumba hatasikiliza habari za uamuzi sahihi. Karata tano za mezani ni za wote, sawa, lakini uwezo wa kupoteza na kurudi kesho si wa wote.

Hata hivyo kisome, hasa kama unabeti. Jina la kitabu linasifu kutishia, lakini somo lake bora ni kujitoa. Muda mwingi mchezaji mzuri anatupa karata zake mbili na kutazama wengine wakipigana, bila haya, bila kujieleza. Kwetu kujitoa kunaitwa uoga. Konnikova amenishawishi kwamba mara nyingi ndiyo hesabu pekee iliyopigwa vizuri pale mezani.