Wasikilizaji wa Karibuni wa Mama

Mjini Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, kituo cha afya cha Karibuni wa Mama kinahudumia wanawake na wasichana waliobakwa. Tiba ya kuzuia VVU yafaa kuanza ndani ya saa 72 baada ya kubakwa, lakini hofu, aibu na kukosa usingizi havina dawa ya haraka hivyo. Hapo ndipo kazi ya washauri wa kisaikolojia inapoanza, na ndio wanaostahili pongezi hizi.

Kituo kiko chini ya SOFEPADI, shirika ambalo Julienne Lusenge na wenzake walianzisha mwaka 2000, vita vya Ituri vikiwaka. Mwaka 2023 Lusenge alipata Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Washauri wenyewe hawatajwi, na ni haki, maana siri ndiyo mtaji wao.

Mshauri hufanya nini? Humpokea mama faraghani, humwacha aseme kwa lugha yake na kwa mwendo wake, bila kumhoji kama polisi. Hamwambii asahau. Kwa mama aliyekimbia eneo la Djugu, huko huko Ituri, akaacha shamba na makaburi ya wanawe, neno hilo lingekuwa tusi.

Ushauri kwa simu au intaneti unaweza kumfikia asiyeweza kusafiri hadi kituoni. Lakini ndani ya hema la wakimbizi, ambamo jamaa wote husikia kila neno, chumba chenye mlango bado hakina mbadala. Vyumba hivyo viongezwe, na washauri wanaokaa humo walipwe vizuri.