Pongezi kwa Wasimamizi wa Hospitali ya Mtaa

Mkaazi wa Mikindani, Mombasa, anayetibiwa katika hospitali ya Jomvu au Port Reitz humwona daktari, muuguzi na mfamasia. Msimamizi hamwoni. Lakini kabla dawa haijafika mkononi mwake, msimamizi alihakikisha stoo imehesabiwa, akakadiria mahitaji ya miezi ijayo na kuagiza mapema kutoka KEMSA, shirika la serikali la ugavi wa dawa, akijua huenda dawa zote zisije.

Tangu kaunti zikabidhiwe huduma za afya mwaka 2013, mengi huamuliwa karibu na wodi, na msimamizi ndiye huyafuatilia. Joto la friji ya chanjo lazima lisomwe asubuhi na jioni, libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Stima ikipotea, chanjo zihamishiwe kwenye kasha la barafu. Mifereji ikikauka, tangi la wodi ya wazazi lijazwe kwanza. Muuguzi akiugua usiku, apatikane wa kushika zamu yake. Mama akizidiwa na uchungu, ambulensi iitwe na Hospitali Kuu ya Pwani ijulishwe kabla hajafika.

Sheria ya mwaka 2023 imeviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yake. Hapo msimamizi huchagua: vitendanishi vya maabara, au kitanda kipya cha kujifungulia? Hospitali hukua kwa maamuzi kama hayo.

Mtoto aliyechanjwa na mama aliyejifungua salama hawamjui msimamizi huyo. Wana deni kwake, nasi jirani zao pia. Tulilipe kwa heshima, na kwa kuidai serikali ya kaunti iwape wasimamizi kama yeye vifaa na wafanyakazi wa kutosha.