Neno "MACRO" kwenye lenzi ya zumu: nimelipima kwa jani la kahawa

Kama umewahi kutafuta lenzi ya kamera ya mtumba, bila shaka umekutana na neno hili: "MACRO", limechapwa ubavuni mwa lenzi ndefu ya zumu, ile ya milimita 70 hadi 300. Mimi liliniingia. Mwaka 2022 nilichukua posho yangu ya ukarani wa sensa, nikanunua lenzi hiyo, nikapanda nayo kwenye vihamba vya juu ya Moshi kupiga picha majani ya kahawa yenye kutu kwa ajili ya utafiti wangu wa uzamili. Miezi minne baadaye msimamizi wangu alikuza picha moja kwenye kompyuta, akaniuliza: "Sasa hapa doa moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi?" Sikuwa na jibu. Kazi ya msimu mzima nikairudia.

Safari hii nimeazima lenzi ya makro ya milimita 100, nikazishindanisha hizo mbili kwenye kamera ileile, yenye kihisi cha upana wa milimita 22 na pikseli milioni 18. Nisikuzungushe: zumu yangu ni lenzi nzuri kwa kazi zake. Kilichonigharimu ni lile neno, na mimi kuliamini bila kupima. Chapa siitaji, maana kampuni nyingi zimeandika hivyo hivyo.

Makro maana yake nini?

Lenzi ya makro halisi hufika ukuzaji wa 1:1. Yaani kitu cha milimita 10 kinachora taswira ya milimita 10 juu ya kihisi. Zumu nyingi zenye neno "MACRO" huishia 1:2, nyingine hata 1:4. Halafu kuna Nikon, ambao lenzi zao za aina hii wanaziita "Micro", kwa hiyo usibabaike ukikuta jina tofauti. Angalia namba.

Namba hiyo ina uzito gani? Kutu ya majani huletwa na kuvu aitwaye Hemileia vastatrix. Ule unga wa rangi ya chungwa chini ya jani ni mbegu zake, na mbegu moja ina urefu wa kama maikromita 30. Kwenye kamera yangu pikseli moja ni maikromita 4.3. Kwa 1:1, mbegu inapata pikseli saba hivi. Kwa 1:2 inapata tatu na nusu. Kwa pikseli tatu na nusu huwezi kuchora mpaka wa kitu chochote, hata lenzi iwe safi namna gani.

Mtihani wa kwanza: jani mezani

Nilibandika jani kwenye ubao, kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Mama mwenye kihamba alikuwa ananiangalia. "Mwanangu, hilo jani linaumwa, halafu wewe unalipiga picha kama bibi harusi?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, daktari lazima amwone mgonjwa vizuri."

Hapa makro ilishinda waziwazi, na si kwa ukuzaji peke yake. Nilipoishusha hadi 1:2 ili zilingane, bado pembe za picha yake zilikuwa kali kama katikati. Za zumu zilikuwa na ukungu, na mishipa ya jani ilikuwa na kingo za zambarau.

Sababu iko kwenye usanifu. Lenzi ya zumu inabeba vipande vingi vya kioo vinavyosogea ili ifanye kazi kuanzia 70 hadi 300, na hesabu zake hupangwa zaidi kwa vitu vya mbali. Ukiisogeza karibu, miale ya pembeni na ya katikati haikutani tena mahali pamoja, na rangi nazo zinaachana. Makro imepangwa kwa umbali wa karibu, na uso wake wa fokasi ni bapa. Jani bapa, fokasi bapa, kila kitu kinaonekana.

Kuna na tundu la lenzi. Zumu yangu kwa milimita 300 inaanzia f/5.6 ikiwa laini, inakaa sawa kwenye f/8 au f/11. Makro ni kali tangu f/4. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu ukikaribia kitu tundu linafanya kazi kama dogo zaidi: kwa 1:1, f/8 inakuwa kama f/16. Nuru ikipita tundu dogo inasambaa, na kila nukta inageuka kiduara cha maikromita 21 hivi, yaani pikseli tano. Kwa hiyo ukiifunga makro yako hadi f/22 ukidhani unaongeza ukali, unautupa ule ubora ulioulipia.

Mtihani wa pili: ua msituni

Kwenye njia ya Marangu, chini ya miti yenye kuvumwani, kuna Impatiens kilimanjari, ua jekundu lenye njano na mkia uliojikunja. Halipatikani kwa asili nje ya mlima huu. Hapa nilitegemea makro ishinde tena. Haikushinda.

Ua lina kama sentimita mbili, linaenea lote kwenye fremu ya 1:2. Kwa ukuzaji uleule na f ileile, kina cha fokasi ni kilekile kwa lenzi zote mbili, karibu milimita mbili kwa f/8. Ukienda 1:1 unabaki na kama nusu milimita, na ua lenyewe linatikiswa na kila tone la maji linalodondoka. Zumu ilinipa nafasi ya kusimama karibu mita moja nyuma, bila kukanyaga miche. Ukungu wa pembeni nao haukunisumbua, kwani pembeni palikuwa majani ya nyuma.

Mtihani wa tatu: Kibo

Alfajiri, kabla mawingu hayajafunga, Kibo kinaonekana toka Moshi mjini, kilomita kama 30. Kwa milimita 100 lenzi zote zilitoa theluji safi, makro ikiongoza kidogo. Ila zumu inaenda hadi 300, makro haiendi. Na kufika saa tatu hewa yenyewe ilishakuwa na vumbi na mvuke, nikashindwa kuzitofautisha.

Ununue nini?

Usiulize lenzi ipi ni kali zaidi. Uliza: kitu kidogo kabisa ninachotaka kukiona kitapata pikseli ngapi? Kama ni maua, vipepeo na milima, zumu inatosha. Kama ni kuhesabu madoa ya kutu au kutazama miguu ya mdudu, tafuta 1:1. Fedha haitoshi? Lenzi ya milimita 50 ukiiwekea mirija mitupu ya milimita 50 inafika 1:1. Pembe zitakuwa na ukungu kiasi, lakini katikati utafanya kazi.

Na kabla hujatoa hela, fanya nisichofanya mimi. Nenda dukani na rula ya shule. Ipige picha kwa karibu kabisa lenzi inakokubali kufokasi, halafu hesabu milimita zilizoingia kwenye upana wa picha. Kwa kamera kama yangu, zikiingia 22, hiyo ni makro. Zikiingia 44, ni 1:2, hata kama neno limeandikwa kwa rangi ya dhahabu.